Neno kuu na wafafanuzi wake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafundisha Kiswahili hapa Moshi, na jioni nasoma kadi za harusi, mabango ya maduka na barua za vikundi kabla hazijapelekwa kuchapwa. Maswali haya yametoka huko: kwa wanafunzi, kwa mafundi wa mabango, kwa makatibu wa kamati, na kwa ndugu zangu wa Arusha wanaonipigia simu ubishi ukiwashinda. Karibu yote yana mzizi mmoja: neno lipi ndilo kuu, na lipi limekuja kulifafanua.

Neno kuu ni lipi, na nitalitambuaje?

Ni lile linalojibu swali "ni nini?" Yanayobaki hujibu "kipi?", "cha nani?", "cha aina gani?" Katika Kiswahili neno kuu hutangulia, wafafanuzi hufuata. Ukiagiza chai ya maziwa utaletewa chai. Ukiagiza maziwa ya chai utapewa maziwa, chai ukapike mwenyewe nyumbani. Maneno ni yale yale mawili. Lililotangulia ndilo lenye mamlaka.

Ukiwa bado na shaka, sikiliza upatanisho. Tunasema garimoshi limefika, wala hatusemi garimoshi umefika, ijapokuwa moshi ukiwa peke yake husemwa umetanda. Kitenzi kimelifuata gari kwa sababu gari ndilo neno kuu, na moshi umeongezwa ili kulitofautisha na magari mengine. Hata pale maneno mawili yalipoungana kabisa yakawa moja, lile la kwanza bado ndilo linaloamuru.

Gari la moshi na gari la Moshi yana tofauti gani, ikiwa yote yana "la"?

Swali hili hunifurahisha kila linapokuja, maana watu wa huku tunaishi nalo. Kwenye maandishi herufi kubwa inatusaidia. Kwenye mazungumzo hakuna herufi kubwa, na mgeni akiuliza pale stendi ya Arusha, "Gari la Moshi ni lipi?", wapiga debe watamwonesha basi, wala hakuna atakayemtuma stesheni ya reli.

Sarufi ya vyote viwili ni ile ile: nomino, kisha a-unganifu (ile "-a" iliyomo kwenye la, ya, cha na wa) iliyochukua kiambishi cha ngeli ya neno kuu, kisha mfafanuzi. Tofauti iko kwenye uhusiano, na a-unganifu haiutaji uhusiano huo. Inaunganisha tu, kisha inamwachia msikilizaji. Angalia kikombe: kikombe cha mama kina mwenyewe, kikombe cha udongo kimetajiwa malighafi, kikombe cha chai kimetajiwa kazi au kilichomo ndani. "Cha" ni moja mara zote tatu. Vivyo hivyo gari la moshi limeitwa kwa kile kilichokuwa kikitoka kwenye bomba lake, na gari la Moshi limeitwa kwa linakokwenda. Azimio la Arusha la mwaka 1967 nalo halikuwa mali ya Arusha wala halikuihusu Arusha peke yake. Limeitwa kwa mahali lilipotangazwa.

Jambo moja la kuongezea kuhusu gari la moshi. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, enzi za Wajerumani, na injini zilikuwa za mvuke, zikitoa moshi kweli. Treni ya abiria kutoka Dar es Salaam iliporejea Moshi mwaka 2019 na Arusha mwaka 2020, injini zilikuwa za dizeli, na bado wazee waliendelea kusema garimoshi. Mfafanuzi akishaungana na neno kuu, ukweli aliouanzia unaweza kuondoka na jina likabaki.

Kwa nini tunasema Baraza la Kiswahili la Taifa, "la" mara mbili?

Kwa sababu vyote viwili, Kiswahili na Taifa, vinalifafanua baraza. Ni baraza linaloshughulikia Kiswahili, na ni baraza la taifa. Ungeandika "Baraza la Kiswahili cha Taifa", ungekuwa umesema jambo jingine: kwamba kuna Kiswahili cha taifa, na hili ni baraza lake. Herufi chache tu zimebadilika, na taifa limehama kutoka kwa baraza kwenda kwa Kiswahili.

Hapo ndipo ngeli inapoonesha thamani yake. Wanafunzi huiona kama mzigo wa kukariri, nami husikitika, maana ngeli ni kamba inayomfunga kila mfafanuzi kwa mwenyewe hata kama wako mbali. Chukua jina la mahakama yenye makao yake Arusha: Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. "Ya" ya kwanza inarudi kwa mahakama, "ya" ya pili inarudi kwa mahakama vilevile, "za" inarudi kwa haki. Na "Watu" mwishoni wamekaa pamoja na Binadamu chini ya hiyo "za": haki za binadamu na za watu. Mwanafunzi akiweza kuchora mishale hiyo ubaoni bila kukosea, namwambia amemaliza nusu ya somo.

"Nyumba ya mwalimu mpya": nani mpya?

Haijulikani. Nyumba ikiwa mpya tunasema nyumba mpya. Mwalimu akiwa mpya tunasema mwalimu mpya. Umbo ni moja kwa ngeli zote mbili, basi kamba ile niliyoisifu hapo juu imekatika. Ukibadilisha nyumba ukaweka gari, tatizo linaondoka: "gari la mwalimu jipya" gari ndilo jipya, "gari la mwalimu mpya" mwalimu ndiye mpya.

Dawa ni kumsogeza mfafanuzi karibu na mwenyewe: nyumba mpya ya mwalimu. Fanya hivyo hata pale ambapo ngeli ingekuokoa, kwa sababu "gari jipya la mwalimu" linasomeka kwa wepesi kuliko "gari la mwalimu jipya". Kwenye matangazo ya kuuza mashamba nakutana na "shamba la kahawa kubwa lenye maji". Shamba ni kubwa, kahawa nayo ni kubwa, kwa matamshi yale yale. Andika "shamba kubwa la kahawa lenye maji", mnunuzi asije akadhani unasifu punje.

Vivumishi vikiwa vingi, vipangwe vipi?

Mwenye mali hukaa jirani kabisa na nomino: kikombe changu cha chai, na si kikombe cha chai changu. Kitendo kirefu chenye kirejeshi hukaa mwisho: watoto wangu wawili wanaosoma Machame. Katikati yao sifa na idadi hubadilishana nafasi kadiri msemaji anavyotaka kukazia. Nimesikia "ng'ombe wangu watatu weusi" na "ng'ombe wangu weusi watatu" kutoka kwa mzee yule yule, asubuhi moja, na mara zote mbili nilimwelewa. Sioni sababu ya kulazimisha kanuni ngumu hapo.

Neno ambatani likiwa wingi, nibadilishe sehemu ya kwanza, ya pili, au zote?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, hasa msimu wa harusi na wa uchaguzi.

Anza na hali ya kawaida: neno kuu hubadilika, mfafanuzi hatikisiki. Mwanafunzi, wanafunzi. Mwanachama, wanachama, hatusemi wanavyama, maana watu ni wengi na chama ni kimoja. Mfanyabiashara, wafanyabiashara. Kipazasauti, vipazasauti. Kiinuamgongo, viinuamgongo, na mgongo unabaki mmoja hata wakistaafu watumishi mia. Mnyamapori, wanyamapori. Bwana shamba, mabwana shamba. Mpiga debe, wapiga debe: siku hizi hakuna debe linalopigwa, kwa hiyo hakuna sababu ya kuyahesabu.

Mfafanuzi akiwa kivumishi, hali hubadilika, kwa sababu kivumishi cha Kiswahili hakiwezi kukaa bila kumfuata mwenyewe. Mjamzito, wajawazito. Chuo kikuu, vyuo vikuu. Mwalimu mkuu, walimu wakuu. Ofisa mtendaji wa kata, maofisa watendaji wa kata: mtendaji amebadilika, kata haikubadilika. Ukiona bango limeandikwa "wajamzito", mwandishi ameliona neno kama tofali moja. Sisi wasemaji bado tunasikia ndani yake mja na uzito wake.

Kisha yako maneno ambayo nomino mbili zimebadilika pamoja, nayo ni ya kukumbuka tu. Mwanamke ni wanawake. Mwenyekiti ni wenyeviti, ingawa kiti ni nomino na kwa kanuni ya kwanza kingetulia. Mimi hujieleza hivi: mwenye huvuta kile anachokimiliki, na wenyeviti kumi wana viti kumi, kila mmoja na chake. Maelezo hayo yanasaidia kumbukumbu, lakini sidai kwamba ni sheria, kwa sababu wenye nyumba hawawi "wenye manyumba".

Huku kwetu yupo pia mpanda mlima. Wanaoupanda Kilimanjaro ni wapanda mlima, maana mlima ni mmoja. Wanaofanya kazi hiyo popote duniani ni wapanda milima. Zote ni sahihi, na tofauti yake ina maana halisi, basi chagua kwa kujua. Na mwongoza watalii ni mmoja huku watalii wake wakiwa wengi tangu mwanzo. Wingi wake ni waongoza watalii. Umoja na wingi wa mfafanuzi hautegemei umoja na wingi wa neno kuu. Kila mmoja hubeba hesabu yake.

Na "naibu katibu mkuu" je?

Hapa watu wazima wamegombana mbele yangu. Neno kuu ni naibu. Katibu mkuu ni kitu kimoja kinachomfafanua. Manaibu wakiwa wawili chini ya bosi mmoja, naandika "manaibu wa katibu mkuu". Wakiwa wa wizara mbalimbali, kila mmoja na bosi wake, naandika "manaibu makatibu wakuu". Ile ya "manaibu katibu wakuu" inasikika sana, ila mimi siipendi: mkuu ameenda kwenye wingi, na katibu anayefafanuliwa naye ameachwa kwenye umoja.

Niandike pamoja au mbalimbali?

Jaribu kuchomeka neno katikati. "Gari kubwa la moshi" linakubali, kwa hiyo ni kirai, yaani fungu la maneno, kiandikwe mbalimbali. "Gari kubwa moshi" halikubali. Lazima useme "garimoshi kubwa", kwa hiyo ni neno moja, liandikwe pamoja. Pia sikiliza mkazo. Maneno yetu hukazwa silabi ya pili kutoka mwisho, na mwanafunzi ana mkazo mkuu mmoja, kwenye "fu". Masikio yako yameshaliunganisha kabla ya kalamu.

Lakini maandishi huchelewa kuliko masikio, na nakiri kwamba desturi haijatulia. Mpiga kura na mpigakura wote wamo magazetini. Bibi harusi hakubali kuchomekwa neno katikati, na bado wengi tunamwandika kwa maneno mawili. Ushauri wangu ni kwamba chagua moja, ulitumie hadi mwisho wa andiko lako.

Ukitaka kuona safari hiyo ikitokea, panda basi kati ya Moshi na Arusha. Hapo Hai kuna mji ambao umeandikwa kwa njia tatu: Boma la Ng'ombe, Boma Ng'ombe, Bomang'ombe. Ya kwanza ni kirai kamili. Ya pili imedondosha "la". Ya tatu imekuwa neno. Ukipita Arusha kuelekea Ziwa Manyara utafika Mto wa Mbu, na hapo napo mabango mengine yameshaandika Mtowambu. Kinyume chake, Maji ya Chai, kule Meru, pamebaki na maneno yake matatu. Wenyeji husimulia kwamba jina lilitokana na rangi ya maji ya mto, yanayofanana na chai. Kwa hiyo "ya" hapo inabeba mfanano, wakati jikoni "maji ya chai" ni yale ya kuchemshia. Na upande wa Himo kuna Njia Panda, ambapo barabara inagawanyika: ukiliandika jina la mahali, maneno mawili yenye herufi kubwa, ukitaja makutano yoyote ya barabara, njiapanda.

Mbona Mlima Kilimanjaro hauna "wa", na Mkoa wa Kilimanjaro unayo?

Vitu vya asili hupakana na majina yao bila kiungo: Mlima Meru, Ziwa Duluti, Mto Kikuletwa. Maeneo ya utawala huchukua a-unganifu: Mkoa wa Arusha, Wilaya ya Hai, Jiji la Arusha, Manispaa ya Moshi. Sasa mtu ataniuliza, Mto wa Mbu je? Hapo mbu si jina la mto. Mbu ni maelezo, wadudu halisi, na maelezo huhitaji kiungo. Ungesema "Mto Mbu" ungekuwa umeubatiza.

Pande za dunia nazo hukaa bila kiungo: Jumuiya ya Afrika Mashariki, Afrika Kusini.

"Ndizi nyama" na "chipsi mayai": lipi neno kuu?

Hakuna anayemfafanua mwenzake kikamilifu. Ndizi nyama ni ndizi na nyama chungu kimoja, kama wali maharage ulivyo wali pamoja na maharage. Linganisha na wali wa nazi: huo ni wali, na nazi imeeleza ni wa aina gani. Mpangilio lakini una siri yake. Kinachotajwa kwanza ni chakula chenyewe, cha pili ni kitoweo. Sijawahi kumsikia mama lishe akitangaza "nyama ndizi" wala "maharage wali".

Mbona maneno mengine hayafanani na sehemu zake?

Kwa sababu neno kuu halimo ndani. Kitimoto, kwa kila anayekula na asiyekula, ni nyama ya nguruwe. Humo hamna kiti. Kifaurongo ni mmea unaofumba majani ukiguswa. Kivunjajungu ni mdudu. Kifunguamimba ni mtoto wa kwanza, kitindamimba ni wa mwisho. Yote yameeleza tabia au tukio, na mwenye tabia hiyo akaachwa bila kutajwa.

Upatanisho wake unategemea uhai. Kifaurongo kimefumba, kwa ngeli ya KI-VI. Kitindamimba wangu amefaulu, kwa A-WA, kwa sababu ni mtu. Kivunjajungu naye ametua, maana ana uhai. Mwanasesere ananishangaza hadi leo: hana uhai hata kidogo, ila kwa kuwa amevaa umbo la mwana, tunasema mwanasesere mzuri, wanasesere wazuri.

Watu watano, lakini watu sita. Kwa nini?

Sita, saba na tisa tulizipokea kutoka Kiarabu, hazikuchukua viambishi. Ndivyo ilivyo kwa safi, rahisi, hodari na muhimu: chumba safi, vyumba safi.

Kuna mfafanuzi anayetangulia neno kuu?

Yupo. "Kila" hutangulia daima: kila mwaka, kila Jumapili. Vioneshi huweza kutangulia, na maana husogea kidogo: "mzee yule" namwonesha kwa kidole, "yule mzee" ni yule tuliyekwisha kumzungumzia. Tofauti hii ni nzuri mno, na nawaomba wanaosimulia hadithi waitumie.

Mpangilio mwingine wa kutanguliza umekuja na Kiingereza, ambacho huweka mfafanuzi mbele. Bongofleva imeingia hivyo: neno kuu ni fleva, limekaa nyuma. Limeshazoeleka, watoto wetu wamekua nalo, sina ugomvi nalo. Ninapopinga ni fundi anapoletewa kazi ya kuandika "Upendo Saluni" kwenye ukuta. Kwa sikio la Kiswahili, hapo Upendo ndiye mkuu na saluni imekuja kumfafanua, kana kwamba kuna Upendo wa aina ya saluni. "Saluni ya Upendo" inachukua herufi mbili zaidi za rangi, na inaeleweka kutoka ng'ambo ya barabara.

Kadi yetu ina "ya" nyingi mno. Tufanyeje?

Nililetewa sentensi hii: "Mwenyekiti wa kamati ya maandalizi ya sherehe ya harusi ya mtoto wa dada yetu mpendwa anakualika." Kisarufi kila kiungo kimekaa mahali pake. Tabu ni kwamba msomaji anashuka ngazi sita kabla hajajua anaambiwa nini, na akifika chini hajui kama mpendwa ni dada au mtoto.

Kata mnyororo kwa kitenzi, na ondoa ngazi zisizo na kazi. Maandalizi ya sherehe ya harusi ni maandalizi ya harusi tu. Tuliishia hapa: "Mtoto mpendwa wa dada yetu anaoa. Kamati ya harusi, kupitia mwenyekiti wake, inakualika." Yule dada alipoisoma aliuliza kama neno mpendwa linaweza kuwekwa kwake pia. Tukaandika "mtoto mpendwa wa dada yetu mpendwa", kadi zikaenda kuchapwa.